Bertie Mee na Gary Lewin: dhana potofu kuhusu matabibu wa viungo wa Arsenal

Mashabiki wa Arsenal wanaokumbuka historia humtaja Bertie Mee kuwa meneja aliyetwaa ubingwa wa Ligi Daraja la Kwanza (ligi ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo) na Kombe la FA katika msimu mmoja wa 1970–71. Kwa kuwa kabla ya umeneja alikuwa tabibu wa viungo wa klabu hiyo, kumezuka dhana kwamba alikuwa mchezaji mstaafu aliyehurumiwa akapewa ndoo ya maji na sifongo, kisha bahati ikamwangukia.

Ni kweli kwamba enzi hizo klabu nyingi za Uingereza ziliwakabidhi wachezaji wao wa zamani kazi ya kuwahudumia majeruhi bila mafunzo ya maana. Mee hakuwa mmoja wao. Alicheza winga Derby County na Mansfield Town, majeraha yakamkatisha safari hiyo mapema, na wakati wa Vita Kuu ya Pili akatumikia miaka sita katika kikosi cha tiba cha jeshi la Uingereza, alikofikia cheo cha sajini. Akahitimu tiba ya viungo, akafanya kazi ya kuwarejesha katika hali yao askari waliopata ulemavu, na alipojiunga na Arsenal mwaka 1960 alikuwa mtaalamu kamili. Kuumia mara nyingi humfundisha mchezaji namna maumivu yalivyo. Hakumfundishi jinsi msuli uliochanika unavyopona, wala ni lini goti linaweza kubebeshwa uzito. Hayo husomwa, na Mee aliyasoma.

Dhana ya pili inahusu uteuzi wake kuwa meneja mwaka 1966, baada ya mtangulizi wake Billy Wright kufukuzwa. Wengi walishangaa, naye mwenyewe hakujidanganya: aliomba kwamba mambo yasipokwenda vizuri baada ya miezi 12 aruhusiwe kurudi kwenye chumba chake cha matibabu. Wapo wanaoona ombi hilo kuwa dalili ya woga, lakini mimi naona ndani yake mtu aliyeiheshimu taaluma yake na kujua mipaka yake, kwa maana mbinu za uwanjani aliwaachia makocha, kwanza Dave Sexton na baadaye Don Howe, huku yeye akisimamia nidhamu na utaratibu wa klabu nzima. Mwaka 1970 Arsenal waliifunga Anderlecht ya Ubelgiji kwa jumla ya mabao 4–3 na kutwaa Kombe la Maonyesho ya Miji, shindano la klabu za Ulaya, taji lao kubwa la kwanza tangu ubingwa wa 1953. Tarehe 3 Mei 1971 wakawafunga Tottenham 1–0 kwenye uwanja wa Tottenham wenyewe na kuwa mabingwa, na siku tano baadaye wakaishinda Liverpool 2–1 Wembley, bao la Charlie George likipatikana katika muda wa nyongeza.

Dhana inayoniudhi zaidi ni ile ya jukwaani, kwamba kazi ya tabibu ni kukimbia na mkoba, kupuliza dawa ya baridi na kumwinua mchezaji. Gary Lewin, kipa wa vijana wa Arsenal ambaye klabu haikumbakiza, alisomea tiba ya viungo na kurejea kuwa tabibu wa klabu hiyohiyo. Tarehe 23 Februari 2008, Lewin akiwa kazini katika mechi na Birmingham City, mshambuliaji wa Arsenal Eduardo alivunjika mguu na kifundo chake kikateguka vibaya. Dawa ya kupuliza isingefaa kitu pale. Kilichohitajika kwanza ni kuhakikisha mguu hausogezwi ovyo, kumtuliza majeruhi, kulinda mzunguko wa damu na kumfikisha hospitali. Kisha yakafuata upasuaji na miezi ya mazoezi yanayoongezwa kidogo kidogo. Februari 2009 Eduardo alipangwa tena katika kikosi cha kwanza dhidi ya Cardiff City, akafunga mabao mawili.