Ushirika wa Tingatinga: wachoraji waliobaki palepale Morogoro Stores

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968. Alitumia vifaa vya fundi wa mtaani: vipande vya hadibodi vya mraba, vingi vyenye upande wa takriban sentimita 60, na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Picha ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wageni walifika kununua mahitaji ya nyumbani.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafariki. Wanafunzi aliowaacha, akiwemo Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda na Simon Mpata, walikuwa wachache, na baadhi yao ni ndugu zake. Hata hivyo kazi haikukatika, na mwaka 1990 wachoraji wa hapo wakawa na ushirika wao, Tingatinga Arts Cooperative Society. Karakana na duka viko pamoja, kwa hiyo mnunuzi anaweza kuongea na aliyeichora picha, bila dalali katikati. Kwa maoni yetu, hilo limewafaa wachoraji kuliko maonyesho mengi ya ng'ambo.

Mafunzo ni ya kukaa ubavuni mwa mchoraji mzoefu. Kijana huanza kwa kujaza rangi na kutia vidoto, ndipo aachiwe kuchora mnyama mzima.

Siku hizi picha nyingi ziko juu ya kitambaa kilichowambwa kwenye fremu ya mbao, maana msafiri hawezi kukunja hadibodi. Hupakwa kwanza rangi ya nyuma, ikaachwa ikauke. Kisha umbo, kisha madoa na mistari. Papara ndiyo huharibu. Rangi ya mafuta hushika ngozi juu huku chini ikiwa bado mbichi, na ukipaka tabaka jingine mapema, uso hufanya makunyanzi ambayo hayanyooki tena.

Mnunuzi naye awe mwangalifu. Gusa pembeni kwa kidole: ikinata, usiikunje. Ikikauka, izungushe kwenye bomba lenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi, upande wa rangi ukiwa nje, na tandika karatasi ya kuokea juu yake. Gazeti hung'ang'ania rangi, nalo huacha wino. Picha ya hadibodi isiegemezwe ukuta wenye unyevu. Kingo hunyonya maji zikavimba.

Kuna jambo huzua ugomvi kila mara. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayolindwa ni picha yenyewe, kwa uhai wa mchoraji na miaka 50 baada ya kifo chake. Mtindo haulindwi, hivyo yeyote anaweza kuchora twiga mwenye vidoto. Lakini kununua picha hakukupi ruhusa ya kuichapa kwenye fulana au kalenda. Mtafute aliyetia saini, mkubaliane malipo, muandikiane.