Shangazi sista na jembe lake: yanayosemwa na yalivyo

Shangazi yangu ni sista. Alizaliwa kwenye kahawa, Umatengo, wilayani Mbinga, akaja kufundisha hisabati mpaka alipostaafu. Kila akija likizo nyumba hujaa wageni, na wakishaondoka maneno hubaki. Mengine niliyaamini mpaka nimekuwa mtu mzima.

“Alikimbia jembe.”

Anayesema hivi hajawahi kulala kwenye nyumba ya masista hata usiku mmoja. Kengele inalia kungali giza: masifu ya asubuhi, misa, chai, kisha darasani. Jioni kuna bustani ya mboga, kuna nguruwe na ng'ombe wa maziwa, na hakuna anayesamehewa zamu kwa sababu eti ana madaftari ya kusahihisha. Mashirika mengi ya huku kwetu yanakula yanachokilima. Masista Wabenedikti wa Chipole, mkoani kwetu Ruvuma, wamekwenda mbali zaidi: kituo cha umeme wa maji cha Tulila, kwenye mto Ruvuma, ni chao, na umeme wake wanaiuzia TANESCO, shirika la umeme la taifa.

Shangazi mwenyewe alitoka nyumbani na jembe kichwani, kwa maana ya akilini. Umatengo ni milima mitupu, na wazee walibuni ngoro, yaani kilimo cha mashimo na matuta. Wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, miraba mitupu mlima mzima. Wanawake wanachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo huo, kisha maharage yanapandwa juu ya matuta. Shimo linabaki kukamata maji ya mvua yasiondoke na udongo. Sasa, alipofika kwenye mada ya mzingo na eneo, chaki aliiacha mezani. Aliwatoa watoto nje na kamba. Aliyekuwa akikosa hesabu ya mzingo daftarini alijua papo hapo manyasi kiasi gani yatatosha kuzunguka shimo moja.

“Atakuwa aliachwa na mchumba, au wazazi walimsukuma.”

Nadhiri, yaani ahadi ya mtawa kwa Mungu, iliyowekwa kwa kulazimishwa, kwa hofu kubwa au kwa kudanganywa ni batili. Hilo limo kwenye Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983. Tena safari yenyewe ni ndefu kiasi kwamba hasira ya mapenzi ingekwisha njiani: upostulanti, yaani kipindi cha kwanza cha kujaribiwa, kisha unovisi, yaani malezi ya utawa kabla ya nadhiri, usiopungua miezi 12, nadhiri za muda kwa miaka isiyopungua mitatu, ndipo za daima. Katikati ya hayo shirika linampeleka chuo cha ualimu kama mwalimu mwingine yeyote. Shela haifundishi mtu kufundisha.

“Masista wa kwanza walitoka Ulaya.”

Waliofika Zanzibar mwaka 1860 pamoja na padri Armand Fava walitokea kisiwa cha Réunion, katika Bahari yetu hii ya Hindi. Walikuwa wa shirika la Mabinti wa Maria, lililoanzishwa huko mwaka 1849, mwaka mmoja tu baada ya utumwa kufutwa, na lilipokea hata wanawake waliokuwa watumwa. Shangazi hulipenda sana jambo hili, na hulisema kila akisikia mtu anaita usista “mambo ya kizungu”.

“Mshahara anakula peke yake, hana watoto.”

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipotaifisha shule za misheni, masista wengi walijikuta watumishi wa serikali wenye mshahara kama wenzao. Lakini anachokipata mtawa kwa kazi yake ni cha shirika, pensheni ikiwemo. Shangazi akitaka nauli ya kuja msibani, anaomba kwa mama mkuu.

“Sista hana fungu kwenye shamba la baba.”

Hili ndilo lililonifanya niandike. Babu alipofariki, ukoo ulikaa chini ya mwembe kugawa mashamba. Mzee mmoja akasema, “Huyu ameolewa na Kanisa, fungu lake liko huko.” Wote wakaitikia, hata mimi.

Kumbe tulikosea pande zote mbili. Upande wa Kanisa, katika mashirika mengi kama la shangazi, nadhiri ya ufukara haimnyang'anyi mtu umiliki wa kile anachorithi kwao. Kabla ya nadhiri za kwanza anamkabidhi mtu mwingine usimamizi wa mali yake, na kabla ya zile za daima lazima aandike wosia unaokubalika pia kwa sheria ya nchi. Yapo mashirika ambayo mtawa huachia kila kitu moja kwa moja, lakini si yote. Upande wa serikali, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi. Haisemi “isipokuwa sista”.

Shangazi aliwaacha waseme mpaka wakachoka. Kisha akafungua mkoba, akatoa karatasi ya makabidhiano aliyoiandika akiwa novisi: chochote atakachorithi kisimamiwe na kaka yake, yaani baba yangu. Mzee akaomba miwani. Akaisoma mara mbili, akairudisha, akauliza mpaka wa kahawa za sista uanzie kwenye mkuyu au kwenye kijito.

“Kwenye kijito, baba,” akajibu. “Mkuyu ni wa kaka.”