Mpe Mzee Wavu Ashone, Usimtahini

Binti mmoja alimleta kliniki baba yake, mvuvi mstaafu wa Ujiji mwenye demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaofifisha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Kila asubuhi, kwa mapenzi tu, alikuwa akimuuliza: "Baba, mimi nani?" Mzee akikosa, anaulizwa tena. Mwishowe akawa akisikia swali hilo anageukia ukutani.

Tukamwambia binti aache maswali, ampe kipande cha wavu uliochanika. Aliporudi alitusimulia: mzee alipapasa tundu, akapitisha uzi, akafunga fundo, akalikaza kwa meno. Alishona karibu nusu saa, huku akihadithia migebuka ya enzi zake. Jina la mwanawe hakulikumbuka, ila alimwambia, "Shika hapa, vuta."

Demensia, hasa ile ya Alzheimer inayowapata wengi zaidi, kwa kawaida huanza na kumbukumbu za karibuni: amekula nini, nani kaja. Kazi ambazo mikono imezizoea na nyimbo za zamani hudumu zaidi. Huko ndiko pa kumfuata mgonjwa.

Bao tunalo karibu kila kijiwe. Kete 64 na mashimo 32 ni mengi kwa mtu aliyechanganyikiwa, kwa hiyo kanuni wekeni kando. Akipenda kusambaza kete tu na kuhesabu, mchezo ndio huo. Akila kete za mjukuu pasipo haki, mjukuu anyamaze. Kama ana tabia ya kutia vitu mdomoni, kete zisiwepo kabisa. Bibi anaweza kukunja kanga, au kuimba nyimbo alizobembelezea watoto huku wajukuu wakipiga makofi. Dakika 20 hadi 30 zinatosha, ikiwezekana asubuhi, maana jioni wengi huzidi kuvurugika. Akichoka, acheni.

Naomba sana: mzee si mtoto. Usimsemeshe kama anayejifunza kuongea. Mwombe msaada, "Babu, nisaidie hapa," nawe utaona anavyokaa sawa kitini.

Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya, lakini shughuli hizi si kupoteza muda. Wilayani Hai, Kilimanjaro, wazee wenye demensia walikutana katika vikundi vidogo kwa vipindi 14 ndani ya wiki 7, wakizungumza na kufanya shughuli za kuchangamsha akili. Uwezo wao wa kufikiri uliboreka.

Jambo jingine linaniumiza. Bibi anayetangatanga usiku akisema peke yake, wapo wanaomwita mchawi. Huyo ni mgonjwa. Jirani ukimkuta njiani, mshike mkono umrudishe kwao.

Na kama mzee aliyekuwa sawa juzi leo hajui alipo, au mgonjwa wa demensia amebadilika ghafla ndani ya siku moja au mbili, msingoje wala msianze michezo. Huenda ni malaria, maambukizi ya njia ya mkojo au upungufu wa maji mwilini. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.