Ukisubiri mpaka uone damu umechelewa, mlango wa kizazi unapimwa ukiwa mzima

Dada zangu na mama zangu, kila tukikaa kuongea habari za kansa ya mlango wa kizazi swali la kwanza huwa lile lile, "dalili zake ni zipi?" Naelewa kwa nini mnauliza, ila swali hilo ndo linatuponza. Maana ukishaona damu baada ya tendo la ndoa, au inatoka na hauko hedhini, au hedhi ilishakoma zamani halafu unaona matone kwenye nguo, au majimaji yenye harufu mpaka unabadilisha pedi kutwa nzima, mara nyingi ugonjwa umeshakaa muda. Sio kila damu ya hivyo ni kansa, lakini nenda kapimwe wiki hiyo hiyo. Mimi nataka uje kabla ya hapo, uje hauumwi popote.

Huu ugonjwa unatupa muda, na kansa nyingi hazitoi. Karibu wote unaletwa na kirusi cha HPV kinachopita kwa kujamiiana na kwa ngozi za sehemu za siri kugusana, ndo maana kondomu inapunguza hatari lakini haiimalizi. Wengi wetu tunakutana nacho wakati fulani na mwili unakiondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Na ukikutwa nacho, tafadhali usirudi nyumbani kugombana nani kaleta, kinaweza kukaa kimya miaka mingi bila yeyote kujua. Shida inakuja kikigoma kutoka, hasa aina ya 16 na 18 ambazo zinabeba kama asilimia 70 ya kansa hii, kinaanza kuharibu seli polepole na mpaka ije kuwa kansa yenyewe inapita kama miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke mwenye VVU ambaye hajaanza dawa inaweza kuwa miaka 5 hadi 10 tu. Kwahiyo kama unaishi na VVU anza kupima ukiwa na miaka 25, wengine 30. Miaka yote hiyo ni nafasi ya kuukamata, na bado mwaka 2022 peke yake wanawake kama 350,000 duniani walikufa kwa ugonjwa huu. Inaniuma sana.

Sasa kipimo chenyewe, maana wengi wanaogopa wasichokijua. Unalala kitandani, unakunja magoti, nesi anaingiza kifaa kinachofungua uke ili aone mlango wa kizazi, utahisi ubaridi na kubanwa kidogo, vuta pumzi ulegeze mapaja. Anapaka siki nyepesi kwa pamba, anasubiri kama dakika moja hivi. Penye seli zilizobadilika panageuka peupe, pazima panabaki na rangi yake ya pinki. Basi. Majibu unapewa hapo hapo kabla hujavaa vizuri. Kama umeshakoma hedhi mwambie mapema, kwa sababu ile sehemu tunayoitafuta huwa imeingia ndani na siki haituonyeshi vizuri, utahitaji kipimo kingine.

Kingine ni kile cha kutafuta kirusi chenyewe, na hiki ndo kizuri zaidi. Kwa wale mnaoona aibu, au mume hataki uhudumiwe na mwanaume, sehemu nyingi siku hizi unaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, unapewa kijiti chenye pamba unaingia faragha, unakiingiza ukeni, unakizungusha kidogo unarudisha. Ukikutwa huna kirusi unakaa miaka 5 hadi 10 ndo unarudia, mwenye VVU miaka 3 hadi 5. Uliza kituoni kwako wanacho kipi, ila kusema hawana kile cha kisasa isiwe sababu ya kutopima kabisa.

Mabinti wa miaka 9 hadi 14 wapate chanjo, kabla hawajaanza kukutana na wanaume, maana chanjo inazuia kirusi kuingia, haikitoi kilichoshaingia. Nasikia sana "inaharibu kizazi". Haiharibu. Ndani yake hamna kirusi kizima, ni ganda lake tu, mwili unajifunza kukitambua. Kinachoharibu kizazi ni hii kansa yenyewe, ikishaenea inabidi mfuko wa uzazi utolewe au mama apigwe mionzi na hapo habari ya mimba ndo imeisha. Na binti aliyechanjwa akikua bado anapima kama wengine.

Ukiambiwa una weupe baada ya kupakwa siki usitoke mbio ukajifungia kulia, weupe sio kansa. Mara nyingi unatibiwa siku ile ile, kwa tiba mgando, yaani kugandisha hapo kwa baridi kali, au kwa kifaa cha joto kinachounguza hapo tu, dakika chache unashuka kitandani, maumivu yake yanafanana na ya hedhi. Baada ya hapo majimaji yatatoka mengi kwa wiki kadhaa, vaa pedi, usiingize kitu chochote ukeni wala usikutane na mumeo kwa mwezi mmoja hivi ili kidonda kipone, mweleze kabla hamjafika chumbani au njoo naye tumweleze sisi. Ukiona homa, maumivu makali ya tumbo au damu nyingi rudi siku hiyo hiyo. Na baada ya mwaka unarudi kupimwa tena, hiyo tarehe iandike kwenye kadi kabla hujaondoka.