Zaburi iliyotungiwa muziki wa kwaya ni nini?

Ni utunzi ambao mtunzi huchukua maneno ya Zaburi kama yalivyo kwenye Biblia, kisha akayatafutia tuni na sauti nne (soprano, alto, tena na besi). Nyimbo nyingi za kwaya zetu za Mbeya na Iringa hazitungwi hivyo: mwalimu hutunga maneno na tuni kwa pamoja, akipunguza neno hapa na kuongeza pale mpaka yakae. Kwenye Zaburi ruhusa hiyo hana. Muziki ndio unaoyafuata maneno.

Na maneno yenyewe hayana mizani, yaani mistari hailingani kwa idadi ya silabi. Chukua Zaburi ya 121, inayopendwa sana huku kwetu kwenye milima: “Nitayainua macho yangu niitazame milima, msaada wangu utatoka wapi?” Nusu ya kwanza ina silabi 18, ya pili 12. Huwezi kuziimba zote mbili kwa tuni ileile kama beti za tenzi. Itabidi uzirefushe noti fulani au kila sehemu uipe tuni yake.

Halafu kuna mkazo, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: nitayaiNUa, miLIma. Pigo zito likiangukia “ma” ya milima, neno linavunjika hata kama sauti zimepatana vizuri, na aliyekaa benchi la nyuma hasikii lililoimbwa. Inaniuma kila ninapoisikia, maana waimbaji wamefanya mazoezi wiki nzima.

Maana nayo ina madai yake. Mstari ule ni swali, hivyo “wapi” ikiishia kwenye so, noti ya tano ya do-re-mi, wimbo unabaki ukining’inia. Jibu, “Msaada wangu u katika Bwana”, laweza kuanzwa na sauti ya nne (besi) peke yake, taratibu, mpaka wote watue kwenye do, noti ya nyumbani.

Zaburi nyingine huja na kiitikio chake. Ya 136 ina mistari 26, na yote huishia “kwa maana fadhili zake ni za milele”. Mwimbaji mmoja anaanzisha, kwaya inajibu. Wakatoliki wanaujua vizuri mtindo huu kwenye wimbo wa katikati, baada ya somo la kwanza.

Watunzi wa kisasa wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 1965 Leonard Bernstein wa Marekani aliliandikia Kanisa Kuu la Chichester, Uingereza, utunzi wa Zaburi kwa Kiebrania. Katika sehemu ya pili mtoto anaimba Zaburi ya 23 kwa upole, ghafla wanaume wanaingia na ya 2: “Mbona mataifa wanafanya ghasia?” Zaburi mbili zinagongana, na hakuna neno hata moja lililobadilishwa.

Kwa mwalimu wa kwaya anayetaka kujaribu, ushauri wangu ni huu: kabla ya kuandika do-re-mi yoyote ubaoni, waambie waimbaji waisome Zaburi kwa sauti, pamoja, mara kadhaa. Sikiliza wanapovuta pumzi. Hapo ndipo vipande vya tuni yako vitakapokatika.