Dryas octopetala: Mmea wa Milimani Unaouawa na Maji, Si Baridi

Kila ninapomshauri mtu kupanda Dryas octopetala, huniuliza kwanza kama mmea huo utastahimili baridi. Wasiwasi huo hauna msingi, kwa kuwa mmea huu huota wenyewe katika nchi za Aktiki na kwenye milima ya Alpi, na majani yake ya kale yamepatikana katika matope yaliyotuama Ulaya ya kaskazini wakati wa kipindi cha baridi kali kilichokwisha takriban miaka 11,700 iliyopita. Kinachouua ni maji yanayotuama kwenye mizizi, hasa katika majira ya baridi unapokuwa haukui.

Kwa sababu hiyo, kazi kubwa hufanyika kabla ya kupanda. Chagua mahali panapopata jua kutwa, ikiwezekana penye mteremko, kisha inua tuta la udongo uliochanganywa na kokoto ndogo nyingi ili maji yapite bila kusimama. Udongo wenye asili ya chokaa unaufaa sana. Samadi usiitie kabisa, kwani rutuba ikizidi mmea huota majani mengi yaliyo laini na maua huwa machache. Ukimaliza kupanda, tandaza kokoto kwa unene wa sentimita 2 au 3 hadi chini ya matawi, ili shina libaki kavu na udongo wa chini usipate joto kali. Wengi husahau kwamba mmea huu hutaka jua kichwani na ubaridi mizizini. Katika bustani zenye kiangazi cha joto, hilo la pili ndilo gumu zaidi kulitimiza.

Matawi yake hutambaa na kufunika ardhi kama mkeka, na mara chache hupita kimo cha sentimita 10. Geuza jani moja ulitazame: juu ni kijani kilichoiva, kingo zake zina mikunjo midogo, na chini limefunikwa na vinyweleo vyeupe vinavyopunguza upotevu wa maji. Ua lake jeupe, ambalo kwa kawaida lina petali 8, lina umbo la bakuli na hugeuka kulifuata jua, hivyo joto hukusanyika katikati na wadudu huja kuota humo huku wakichavusha. Maua yakipukutika usiharakishe kukata vikonyo, kwa maana mikia ya mbegu yenye manyoya ya fedha inapendeza kuliko hata maua yenyewe, angalau machoni pangu.

Mwagilia kwa uangalifu katika mwaka wa kwanza, mpaka mizizi ishike. Baada ya hapo usiuhamishe, kwa kuwa mmea mkubwa haupendi kung'olewa. Ukitaka miche, panda mbegu zikiwa mbichi na uziache nje zipigwe na baridi, au kata tawi ambalo tayari limetoa mizizi na ulipande pamoja na udongo wake, ambao huwa na kuvu wanaoisaidia mizizi kupata chakula.