Msasa haufuti kosa la kisu

Mimi hukereza plastiki kwa mashine inayozungusha kazi mbele ya kisu. Wateja wangu wengi hutoka Rungwe, wakiwa wameleta bushi za nailoni (vipande vya bomba ambamo shafti huzungukia) zilizolika kwenye mashine za viwanda vya chai, na wengi wao hupitisha ukucha juu ya bushi mpya kabla hata ya kuuliza bei. Mzee mmoja wa Tukuyu alifanya hivyo katika karakana yangu hapa Iyunga, kisha akanirudishia kazi yangu akisema, "Fundi, hii imeota manyoya." Nilipojaribu kuyaondoa kwa msasa yalizidi, kwa kuwa punje za msasa huzivuta nyuzi za nailoni badala ya kuzikata.

Kosa lilikuwa la kisu. Asubuhi ile nilikuwa nimekerezea shafti ya chuma kwa kisu hicho hicho, na kisu kilichopita kwenye chuma, hata kikionekana kizima, makali yake huwa yameshafifia kiasi kwamba plastiki husukumwa na kuchanika. Siku hizi ninatenga kisu cha hai-spidi, yaani cha chuma kigumu cha kukatia, kwa ajili ya plastiki peke yake, ninakinoa kwenye jiwe la mashine, kisha ninakimalizia kwa kinoo na mafuta hadi uso wake wa juu uakisi mwanga wa dirisha. Nikitumia kabaidi, yaani ncha ya kisu iliyo ngumu zaidi, ninachagua ile ya kukatia alumini isiyopakwa utandu, kwa sababu utandu huyafanya makali yawe butu kidogo.

Adui wa pili ni joto. Chuma hulisambaza joto haraka, lakini plastiki hupitisha joto kidogo mno, hivyo karibu lote hubaki pale pale kisu kinapogusa. Asetali, plastiki nyingine ngumu, huyeyuka kwenye nyuzijoto 165 hadi 175 za Selsiasi hivi, na akriliki, plastiki angavu kama kioo, huanza kulainika ikikaribia 105. Ndiyo maana mkato wa mwisho ulio mwembamba kupita kiasi, ambao mafundi wengi huudhani kuwa ndio wa uangalifu, huharibu uso: kisu hakikati, kinasugua, na kusugua ni kupasha moto. Mimi huacha milimita 0.2 hadi 0.3 kwa ajili ya mkato huo.

Mwendo wa kisu nao una hesabu yake. Kimo cha mifereji inayobaki juu ya kazi hukadiriwa kwa kuchukua umbali ambao kisu husogea katika kila mzunguko, kuuzidisha kwa wenyewe, kisha kugawanya kwa mara nane ya nusukipenyo cha ncha ya kisu iliyoviringwa. Kwa ncha yenye nusukipenyo cha milimita 0.4, mwendo wa milimita 0.2 huacha mifereji ya mikroni 12.5 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), lakini ukiupunguza hadi 0.1 inabaki mikroni 3 tu. Hata hivyo, hesabu hiyo huchukulia kwamba kisu kinakata kweli, na haihesabu utepe mrefu wa nailoni unaojiviringisha kwenye kazi na kuikwaruza. Huo ninaupuliza kwa hewa ya kompresa, ambayo pia hupoza bila kuilowesha nailoni, maana nailoni hunywa maji na kuvimba.

Taya tatu za chaki, yaani kishikio cha mashine kinachoibana kazi, zisikazwe kama za chuma, la sivyo bomba jembamba litatoka likiwa na pembe tatu.

Akriliki ndiyo ninayoipigia msasa bila aibu, tena wa maji: namba 400, 800, 1200, hadi 2000, kila namba ikipita mkingamo wa iliyotangulia mpaka mikwaruzo ya zamani iishe yote, ndipo ifuate dawa ya kung'arishia kwenye kitambaa laini. Baada ya hapo ioshwe kwa maji na sabuni tu. Kukereza huacha mkazo ndani ya akriliki, na thina au spiriti ikiukuta mkazo huo huufungua. Kioo kimoja cha akriliki cha kuangalizia mafuta nilikifuta kwa thina jioni, kikimetameta. Asubuhi kilikuwa na nyufa nyembamba kama utando wa buibui, nikakata kipande kingine na kuanza upya.